Oili Kama Chai ya Maziwa: Fundi Ajibu Maswali Yenu

Tangu mvua zianze barua nyingi zinazokuja hapa ni za kitu kimoja tu, rangi ya oili ya injini. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake hiyo ndo inaua magari mengi hapa Mombasa.

Assalam alaykum fundi. Mie ni mwalimu, nakaa Bamburi, gari yangu ni Vitz. Juzi nimefungua kile kifuniko cha kutilia oili nikakuta ndani kuna utando wa rangi ya krimu, kama chai ya maziwa iliyopoa. Fundi wa mtaani kanambia nibadilishe oili tu niendelee na safari zangu. Lakini maji ya radieta nayo naongeza kila baada ya siku mbili, natia ya kisima cha nyumbani. Niendelee kuiendesha? – Mwalimu, Bamburi

Waalaykum salaam mwalimu wangu. Usiiwashe tena kwanza, iache hapo ilipo mpaka umalize kusoma hili jibu.

Oili ikigeuka rangi ya maziwa maana yake ni moja tu, imechanganyika na maji. Swali ni maji yametoka wapi na ni mengi kiasi gani. Kuna maji madogo ya unyevu, haya hupatikana kwa gari ya safari fupi fupi, unawasha, waenda shule dakika kumi, unazima, injini haijapata moto sawasawa na ule mvuke wa ndani hauna pa kutokea unaganda chini ya kifuniko. Hapa pwani hewa yenyewe ina unyevu mwingi, kwa hivo utando mwembamba chini ya kifuniko peke yake si msiba. Ungekuwa hujanambia habari ya radieta ningekwambia futa kwa kitambaa, peleka gari mpaka Kilifi urudi, alafu angalia tena baada ya siku nne tano.

Lakini wewe maji yanapungua, na maji ya radieta hayapotei bure. Kama hayavuji chini, yanaingia ndani. Kwa hivo chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili (gari iwe imepoa na iko pahali pa sawa), tazama na ile oili ya chini. Kama na yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa au ina vijitone vya maji basi hapo gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na ya chini) imeshaachia, au hedi yenyewe imepasuka, na kwa gari zenye kipoza oili huenda ni hicho ndo kimetoboka. Dalili nyengine ni moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, na mapovu kwenye radieta injini ikiwa inanguruma. Hayo ya mapovu muachie fundi atizame, na kifuniko kifunguliwe gari ikiwa baridi kabla ya kuwashwa, tafadhali sana, radieta ya moto usiifungue, nimeona mtu akiungua uso mzima.

Ukitaka uhakika nyumbani, chukua tone la ile oili weka kwenye kijiko kikavu upashe moto juu ya jiko. Oili safi itatoa moshi tu kimya kimya. Ikiwa na maji itapasuka pasuka, ule mlio wa maji yakidondokea kwenye karai la mahamri, unaujua.

Sasa kwa nini nasema usiiwashe. Oili kazi yake ni kuweka utando mwembamba sana kati ya chuma na chuma, haswa kwenye beringi za krenki. Oili yenye maji haiwezi kushika ule utando, vyuma vinagusana, na hapo sio gasketi tena, ni injini nzima. Hili silisemi kwa kusoma, gari yangu ya kwanza ilikufa hivi hivi. Gereji moja walinibadilishia oili mara tatu wakinambia ni unyevu wa bahari, mie nikaamini kwa kuwa nilikuwa kijana na nilitaka kuamini, mara ya nne nikiwa njiani kwenda mazishini Malindi nilipofika Kikambala ikaanza kugonga, na kabla ya Mtondia ilikuwa imenoki. Mazishi sikuyawahi. Kwa hivo huyo anaekwambia badilisha oili tu uendelee, mwambie ahsante, alafu tafuta gari la kuvuta.

Na kazi yenyewe ifanywe kamili. Hedi ishuke, ipelekwe kwa watu wa mashini wakaipime kama imepinda na kama ina ufa, isawazishwe, gasketi mpya, na boliti za hedi uulize kama za injini yako ni zile zinazovutika zikafungwa mara moja tu, manake zile hazirudishwi. Ikishafungwa itiwe oili ya bei nafuu na filta, ingurume kidogo, imwagwe, ndo itiwe ile ya kukaa. Ule uji wa mwanzo hujificha ndani haumwagiki wote mara moja.

Alafu hicho kisima mwalimu. Visima vingi vya hapa kwetu, kuanzia kisiwani mpaka Bamburi na Shanzu, maji yake yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu. Hedi ya hiyo Vitz ni aluminiamu, na radieta nayo. Yale maji yanatafuna njia za ndani pole pole, kutu na mawe vinaziba, gari inaanza kuchemsha, hedi inapinda, gasketi inaachia, na ndo hiyo chai ya maziwa. Watu wanasema kulanti, ile dawa ya maji ya radieta, ni ya nchi za barafu, sio kweli, kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, sisi wa joto ndo twaihitaji zaidi. Tia kulanti, kama ni ile ya kuchanganya tumia maji ya betri yale yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Na fundi akitaka kukutolea themostati (ile inayozuia maji yasiende radieta mpaka injini ipate moto) ati huku ni joto haina kazi, kataa. Gari bila themostati inachelewa kupata moto wake, unyevu na petroli vinabaki kwenye oili, na kwa injini nyengine maji yanapita njia ya mkato hayaendi radieta ipasavyo na inachemsha vile vile.

Bwana fundi shikamoo. Nina pikapu ya diseli nabebea mzigo Changamwe na Jomvu. Nimefanya servisi Jumamosi, Jumatatu nikichomoa dipstiki oili ni nyeusi tititi. Nimeibiwa? – Mzee wa pikapu

Marahaba mzee wangu, ingawa huenda mie ndo nikuamkie wewe. Hujaibiwa, au tuseme ule weusi peke yake sio ushahidi. Diseli ikiungua hutoa masizi, na oili ina dawa ndani yake ya kuosha na kuyabeba yale masizi yasigande kwenye vyuma. Juu ya hiyo kuna oili ya zamani inayobaki ndani ya njia hata ukimwaga vizuri vipi, hiyo ikichanganyika na mpya tu tayari. Kwa diseli nyingi, za zamani haswa, weusi ndani ya siku mbili ni kawaida kabisa. Mie ningeogopa zaidi oili ya diseli iliokaa kilomita elfu tatu na bado inang'aa kama asali, ningejiuliza hayo masizi yameenda wapi.

Cha kutazama kwako ni uzito na uchafu. Sugua kati ya vidole viwili, ikiwa yateleza na ni laini haina neno. Ikiwa yakwaruza kama ina mchanga, au imekuwa nzito kama lami na chini ya kifuniko kuna matope meusi, hapo imepitiliza muda. Na hizi foleni za Changamwe usihesabu kilomita peke yake, gari inayonguruma masaa pale pale oili inachoka na mita haisogei. Ukiwa wabeba mzigo kila siku, kilomita elfu tano zatosha kubadilisha oili, usingoje zaidi.

Na kuhusu wizi, simama pale. Ione oili ya zamani ikitoka, lione kopo likifunguliwa mbele yako na muhuri wake, na filta ya zamani upewe uione kwa macho. Fundi mkweli hakasiriki.

Niaje fundi, mimi ni wa bodaboda Likoni. Nikimwaga oili ya piki naona kama kuna rangi ya fedha inameremeta kwenye karai, ukiipeleka kwa jua ndo inaonekana vizuri. Piki ina miezi minne. – Wa boda, Likoni

Kijana, inategemea umeona nini. Piki mpya vyuma vyake bado vinazoeana, servisi za kwanza lazima utaona vumbi vumbi la kumeremeta kama rangi ya kucha iliyochanganywa ndani ya oili, na kwenye piki ni zaidi kuliko gari kwa sababu oili ile ile ndo inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Hiyo inatakiwa ipungue kila ukimwaga. Miezi minne ya boda ni kilomita nyingi sana, kwa hivo saa hii ingekuwa imeshakuwa kidogo mno.

Pitisha sumaku kwenye lile karai. Vinavyonata ni chuma, vya gia au ringi, visivyonata huenda ni aluminiamu ya pistoni au ni beringi. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hata kimoja, usibebe abiria, peleka ifunguliwe. Usiniambie utamaliza wiki kwanza upate hela, injini ikikamata ukiwa mbio tairi ya nyuma inajifunga na uko na mtu nyuma yako. Jengine, angalia unatia oili gani. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari lakini klachi ya piki inaogelea kwenye oili na hiyo dawa inaifanya iteleze. Tafuta kopo limeandikwa JASO MA au MA2.

Fundi oili yangu inaongezeka yenyewe! Niliacha katikati ya dipstiki sasa imepita alama ya juu na rangi ni kahawia nyepesi, yanuka petroli. Nafanya kazi mjini nakaa Mtongwe, kila siku foleni ya feri. – Dada wa Mtongwe

Dada yangu, hiyo pua yako imeshakujibu, ni petroli inashuka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Huenda nozeli moja inavuja, au plagi moja haichomi na ile petroli isioungua inapita kwenye ringi, na hiyo washa zima washa zima ya foleni inaongeza. Oili hapo inakuwa nyepesi kama maji na nguvu ya kulinda beringi haina. Usimwage oili pekee ukadhani umemaliza, plagi na nozeli zitazamwe kwanza, alafu ndo ubadilishe oili na filta. Mpaka hapo usiende nayo mbali.

Wenye diseli mpya zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na nyinyi msome hili. Zile gari hujisafisha kwa kuongeza diseli kidogo, safari ikikatwa katikati ile diseli inaishia kwenye oili. Dipstiki ikipanda mwage, hata kama kilomita hazijafika.

Kaka nataka kununua gari ya mkono wa pili hapa mjini, nimechomoa dipstiki oili ni safi kabisa rangi ya asali. Ninunue? – Kijana wa Kongowea

Oili ya asali kwenye gari inayouzwa inakwambia kitu kimoja, kwamba imebadilishwa jana. Hata gari iliyochoka kabisa ukiitia oili mpya itakuwa asali. Kwa hivo dipstiki iache, fungua kifuniko cha juu upige tochi ndani. Ukiona chuma kimepata rangi ya hudhurungi hivi, kama sufuria ya chai ya miaka, si neno sana. Ukiona matope meusi yameganda pembeni, huyo mtu alikuwa habadilishi oili, ondoka. Ukiona utando wa krimu rudi kasome alivyojibiwa mwalimu hapo juu.

Oili ikiwa nyekundu uliza. Kuna kampuni zinatia rangi oili yao ya injini, kwa hivo mwambie akuoneshe kopo. Akikosa, kuna uwezekano mtu ametia oili ya giaboksi kwenye injini kwa makosa, manake ile ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ndo nyekundu.

Na mwambie muuzaji utakuja asubuhi mapema, asiiwashe mpaka ufike. Shika bonneti kwa mkono kabla ya yote. Ikiwa ya moto ameshaiwasha, na hapo muulize kwa nini.