Daktari wa baridi yabisi si daktari wa mifupa

Dada, umeuliza kwa nini mama ametumwa kwa daktari bingwa wa baridi yabisi wakati hajavunjika popote. Huyo si mpasuaji wa mifupa. Anatibu magonjwa ya viungo, hasa yale ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, kama baridi yabisi na lupasi. Jongo, yaani gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, pia ni lake.

Atamshika vidole kimoja kimoja, abonyeze kila kifundo kutafuta uvimbe, kisha amuulize akiamka asubuhi mikono inachukua muda gani kulegea. Mama ajibu kwa dakika, asiseme "kidogo tu", maana kukakamaa kwa saa nzima kunamwambia daktari mengi. Vipimo vya damu na eksirei hufuata.

Kwenye dawa ndipo muwe makini sana. Wengi wenye baridi yabisi huanzishiwa methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu hunywewa MARA MOJA KWA WIKI, siku ileile. Ikinywewa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, kwa hiyo asiiache wiki ya pili akidhani haimfai. Na kliniki za kupima damu na ini asizikose.

Msikawie, tafadhali. Kiungo kikishaliwa hakirudi kama zamani. Shangazi yangu alianza dawa akiwa hawezi hata kukamua kitenge. Sasa anakanda unga wa chapati mwenyewe.