Maswali yenu kuhusu magemu mapya: wahakiki na wachezaji, tumsikilize nani?

Maswali niliyochagua safari hii karibu yote yanahusu magemu yaliyotoka 2025, mwaka uliotupa mengi ya kubishania. Msimamo wangu nautaja mapema ili majibu yasomeke vizuri: alama ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika uhakiki. Mchezaji anasaidika anapojua mhakiki alichezea mashine gani, alifika wapi, na ni kitu gani hasa kilimfurahisha au kumkera.

Clair Obscur: Expedition 33 limezoa tuzo kila mahali. Nimelicheza saa kadhaa na mapigano yananichosha. Ni mimi nisiyeelewa?

Hapana, na wala usijilazimishe kulipenda kwa sababu ya tuzo. Gemu hili la Sandfall Interactive, studio ya Montpellier nchini Ufaransa, lilitoka tarehe 24 Aprili 2025, na Desemba likabeba tuzo 9 kwenye The Game Awards, ikiwemo ya gemu bora la mwaka. Kwangu lilistahili. Wazo la hadithi peke yake linakushika: kila mwaka Mchoraji anaandika namba mpya kwenye mnara mkubwa, namba inayopungua mwaka hadi mwaka, na watu waliofikisha umri huo wanatoweka mbele ya macho ya wapendwa wao. Uigizaji wa sauti na muziki vinabeba huzuni hiyo hadi mwisho.

Mapigano nayo yalisifiwa sana, ila wengi waliyasifu kama watu ambao vidole vyao vimeshazoea kazi hiyo. Kwa nje ni mapigano ya zamu kwa zamu, wewe unapiga, adui anapiga. Lakini zamu ya adui inapofika hupumziki. Unatakiwa ukwepe au ukinge kwa kubonyeza sekunde ileile pigo linapotua, na maadui wengi hushikilia upanga hewani makusudi ili ubonyeze mapema. Ukikinga mapigo yote unajibu kwa shambulio zito la bure. Ukikosea, mhusika wako anaweza kuanguka kwa zamu moja. Mtu aliyekuja akitarajia kupanga mbinu taratibu anajikuta kwenye mtihani wa macho na masikio.

Jaribu hivi. Anza na kukwepa, kwa sababu muda wake ni mpana kuliko wa kukinga, kisha shusha ugumu hadi kiwango cha hadithi. Sikiliza sauti ya pigo badala ya kutazama mkono wa adui. Ukiona bado, liache. Mimi mwenyewe nina lawama mbili ambazo naona zilitajwa kidogo mno: sehemu za kuruka na kupanda ni mbovu kabisa, na katika sura ya tatu mtu akizunguka kufanya kazi za pembeni anapata nguvu nyingi kiasi kwamba bosi wa mwisho, yaani adui mkuu wa kumalizia, anaanguka kabla hajaonyesha alichonacho. Nadhani mhakiki anayekimbizana na tarehe ya kuchapisha hunyoosha moja kwa moja hadi mwisho wa hadithi, na tatizo hilo halimkuti.

Monster Hunter Wilds: wahakiki walilipa alama karibu 90 kwa 100, wachezaji wakalichana pale Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta. Nani anasema uongo?

Hakuna anayedanganya. Watu walicheza vitu viwili tofauti.

Gemu lilitoka 28 Februari 2025 na Capcom wakauza nakala milioni 8 ndani ya siku tatu. Wahakiki wengi walilipima kwa konsoli, yaani mashine za magemu kama PlayStation, au kwa kompyuta zenye nguvu. Walikuta wanyama wakubwa walioumbwa kwa ustadi, silaha 14 ambazo kila moja ni mchezo mzima wa kujifunza, na mwanzo ulio rahisi kwa mgeni. Haya yote ni kweli. Mnunuzi mwenye kompyuta ya kawaida alikuta jambo jingine: fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, zinashuka ghafla, sura za vitu zinabaki kama udongo uliofinyangwa nusu, gemu linakwama katikati ya pigano. Kufika kiangazi cha mwaka huohuo, maoni ya karibuni pale Steam yalikuwa yameshuka hadi daraja la chini kabisa. Juu ya hilo wakaongezeka wakongwe wa mfululizo, waliosema uwindaji umekuwa mwepesi na kwamba hadithi ikiisha hakuna cha kutosha cha kufanya. Malalamiko haya ya pili ni ya ladha. Ya kwanza yanapimika.

Wahakiki nawalaumu kwa jambo moja. Wengi walilitaja tatizo la kompyuta, lakini katika aya ya chini, huku alama ikibaki juu. Tulishafundishwa na Cyberpunk 2077. Desemba 2020 wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu kabla ya siku ya kutoka, wakakatazwa hata kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe. Alama zikapaa. Waliolinunua kwa PlayStation 4 na Xbox One wakakuta gemu lisilochezeka, na tarehe 18 Desemba Sony wakaliondoa dukani kwao, likarudi Juni 2021. Tangu hapo naona uhakiki usiotaja mashine iliyotumika haujakamilika, uwe wa gazeti kubwa au wa kijana mwenye chaneli yake.

Je, alama 7 kwa 10 ni gemu baya?

Kwa hesabu ya kawaida, hapana, 7 ni nzuri. Kwa mazoea ya uhakiki wa magemu, wasomaji wameshaizoea kama onyo, kwa sababu alama za chini ya hapo hazitolewi sana kwa magemu ya kampuni kubwa. Uzito wa namba hizi unaumiza watu kweli: waliotengeneza Fallout: New Vegas la 2010 walikosa bonasi kwa sababu mkataba ulidai 85 pale Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, wao wakapata 84. Pointi moja. Nikiona 7 huwa nasoma maandishi yote, maana mara nyingi hapo ndipo penye gemu lenye tabia yake, lisilotaka kumridhisha kila mtu.

Hollow Knight: Silksong ni gumu mno. Wahakiki wanalisifu, mimi naona ni ukatili. Ugumu unahesabika kama kasoro?

Inategemea ni ugumu wa aina gani, na Silksong lina aina mbili.

Kwanza mazingira ya uhakiki wenyewe. Team Cherry, watu wachache wa Adelaide, Australia, walilitangaza mwaka 2019 na kulitoa 4 Septemba 2025. Hawakugawa nakala za mapema, kwa kuwa hawakuona haki wahakiki watangulie mashabiki waliochangia fedha tangu zamani. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba maoni ya siku za mwanzo yaliandikwa na watu walio katikati ya safari, wakiwa na hamu ya miaka sita. Hasira na mahaba vyote vilikuwa vibichi.

Ugumu wa haki ni huu: bosi ana mapigo unayoweza kuyasoma, unakufa, unarudi ukijua kitu ambacho hukukijua. Hornet, mhusika unayemchezea, ni mwepesi, anaruka na kushuka kwa mshazari, na ukishauzoea mwendo wake mapigano yanageuka ngoma. Hapa Silksong halina mfano kwa mwaka ule.

Ugumu wa pili ndio unaokukera, na una haki. Unaanza na vinyago vitano vya uhai, lakini mapigo mengi, hata ya baadhi ya mitego, yanakula viwili kwa mara moja. Kwa hiyo vitano vyako ni kama vitatu. Mabenchi mengine ya kupumzika yanadai ulipe shanga. Ukifa mbele ya bosi unarudishwa mbali, unavuka tena mitego ileile na maadui walewale ili upate nafasi ya kujaribu. Safari hiyo ya kurudi haikufundishi kitu kuhusu bosi, inakula muda wako tu. Mhakiki aliyeandika kwamba ni gumu na akaishia hapo hakukusaidia. Aliyetenganisha mambo haya mawili alikupa uwezo wa kuamua.

Siku chache baada ya kutoka, sasisho la kwanza liliwapunguza makali mabosi wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, na kushusha bei ya baadhi ya mabenchi. Wapo wachezaji waliolia kwamba studio imelegea. Siafikiani nao. Ukikwama, geuka uchunguze upande mwingine wa ramani, kwa sababu gemu hili linakuruhusu kukwepa njia nyingi na kurudi ukiwa na zana. Wengi wanaoliacha wameganda kwa bosi mmoja ambaye hawakulazimika kupigana naye wakati ule.

Mario Kart World ni zuri kweli au ni jina tu?

Mashindano yenyewe ni mazuri sana. Magari 24 kwa pamoja yanaleta vurugu tamu, na ile aina ya mbio ndefu ambapo wa mwisho wanaondolewa kituo hadi kituo ndiyo bora kuliko zote. Dunia yake ya wazi ni tupu: unaendesha, unagonga kitufe cha changamoto fupi, unaondoka. Kwa gemu lililotoka Juni 2025 kwa bei ya dola 80, lawama hiyo ni halali. Usilinunue kwa ajili ya kuzurura.

Shikamoo. Watoto wangu wawili, tayari vijana, wanataka gemu la kucheza pamoja. Wanataja Split Fiction. Mimi sijui chochote.

Marahaba, mama. Chaguo lao ni zuri. Gemu hili, lililotoka Machi 2025, halichezwi na mtu mmoja, lazima wawe wawili, na skrini inagawanywa kati yao. Wakiwa kwenye nyumba moja nakala moja inatosha. Wakitengana, mmoja akinunua mwenzake anajiunga bila kulipa. Linahusu waandishi wawili wa kike, mmoja wa hadithi za kisayansi na mwingine wa hadithi za ajabu, wanaonaswa ndani ya mashine ya kampuni inayoiba mawazo yao. Karibu kila nusu saa mchezo unabadilika kabisa, na kila mmoja ana uwezo ambao mwenzake hana, hivyo watalazimika kuzungumza. Wahakiki walisema mazungumzo ya wahusika ni mepesi na adui hana kina, nami nakubali. Vijana wako hawatajali. Angalia tu alama ya umri kwenye kasha, kwa kuwa kuna vita na baadhi ya picha za kutisha.

Call of Duty: Black Ops 7 lilipewa alama mbaya sana na watumiaji. Si kampeni ya chuki tu?

Chuki ilikuwepo, nayo humkumba Call of Duty kila mwaka. Lakini soma sababu. Hadithi ya gemu hili imetengenezwa kwa ajili ya kundi la watu wanne, inadai intaneti muda wote hata ukicheza peke yako, na huwezi kulisimamisha ukiitwa mlangoni. Hizo ni kasoro ambazo yeyote anaweza kuzithibitisha. Wahakiki wengi walilipa alama za wastani, wakiwa wamelipima kifurushi chote, hasa mapambano ya mtandaoni, ambayo ni mazuri. Anayenunua kwa ajili ya hadithi awasikilize wachezaji.

Je, kulalamika kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha pale lalamiko linapotaja kitu. Mei 2024 wachezaji wa Helldivers 2 waliandika maoni hasi zaidi ya laki mbili pale Steam baada ya kuambiwa lazima wafungue akaunti ya PlayStation, na ndani ya siku chache Sony waliufuta mpango huo. Sababu ilikuwa moja, wazi, na ilihusu watu wa nchi ambako akaunti hiyo haikupatikana kabisa. Wachezaji wa Silksong wanaosoma Kichina walilishusha gemu kwa sababu ya tafsiri mbovu, studio ikaahidi kuirekebisha. Waliomaliza Hades II, lililokamilika Septemba 2025, walisema mwisho wake unakimbizwa na uamuzi mkubwa unafanywa bila mhusika mkuu, na watengenezaji wake, Supergiant, wakaupanua kwa sasisho.

Kwa hiyo ukiandika maoni yako, taja mashine, saa ulizocheza, na mahali ulipokwamia. Na kama ni Steam, kumbuka una siku 14 tangu ununue na saa 2 za kucheza kabla ya kupoteza nafasi ya kurudishiwa pesa. Tumia dakika 20 za kwanza kuangalia kama linakwama kwenye kompyuta yako, usizimalize zote ukitengeneza sura ya mhusika.