Kipindi cha matazamio kimeisha, mbona nadaiwa?

Swali: Mimi ni mkandarasi, nipo Dodoma. Miaka 4 iliyopita nilikabidhi nyumba ya ghorofa moja, na miezi 12 ya matazamio ikapita bila neno. Sasa ukuta una nyufa, na wakili wa mwenye nyumba kaniletea notisi ya siku 14. Bado nina deni naye?

Jibu: Anaweza kukushtaki, ndugu yangu. Matazamio ni muda wa wewe kurudi kurekebisha kasoro na kulipwa pesa yako ambayo mwenye nyumba aliizuia kama dhamana, basi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, dai la kuvunja mkataba lina miaka 6. La uzembe lina 3. Kwa hiyo jambo la kwanza wakili wako atauliza ni wanadai kwa msingi upi, na tarehe zinahesabiwa kuanzia lini.

La pili ni nyufa zenyewe. Nywele-nywele zilizosambaa kwenye ripu ni jambo dogo. Ufa unaopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya tofali, au unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari, mara nyingi unasema msingi umetitia. Hapo tunauliza nani alipima udongo na nani alichora. Kama ni mhandisi wa mwenye nyumba, tutaomba aunganishwe kwenye kesi. Tafuta daftari la saiti, maelekezo yaliyosainiwa na majibu ya vipimo vya nguvu ya zege, vya siku 7 na 28 baada ya kumwagwa.

Niliwahi kumtetea mkandarasi mwenye kesi kama yako. Tulipofika saiti nikakuta mwenye nyumba ametoboa ukuta wa chini kuweka fremu ya duka, ufa unaanzia juu ya lango hilo hilo. Picha za siku ya makabidhiano zilikuwa kwenye simu ya fomeni, zikionyesha ukuta haujatobolewa. Kesi nyepesi, ungedhani. Ila mteja wangu alishamwandikia mwenye nyumba WhatsApp: "Samahani bosi, natuma vijana wazibe." Asubuhi nzima shahidi wangu aliulizwa maana ya hiyo samahani.

Kwa hiyo usiombe radhi kwa maandishi, wala usipeleke fundi kuziba kabla mhandisi wako hajapima na kupiga picha. Jibu notisi kupitia wakili. Ukipokea samansi ya kesi ya madai, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na Jumapili zinahesabiwa.