Dunia yako inalia, lakini kisiki kiko wapi?

Barua tatu mwezi huu. Ya kwanza imenikalisha siku mbili. Hizo nyingine ni za watu wenye haraka, nami nitawajibu kwa haraka yao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kuchora kwa rangi za mafuta. Ukataji wa misitu unaniumiza sana na nimeuchorea picha tano. Kubwa kuliko zote ni ya dunia yenye uso wa mama, machozi yanamtiririka, na mkono wenye shoka unatokea pembeni. Watu wakiiona husema "ujumbe mzuri," kisha huyo wanaondoka. Hakuna anayesimama. Nimekosea wapi? – *Mpenda Misitu*

JIBU: Marahaba. Picha uliyoambatanisha nimeitazama asubuhi, na jioni nikairudia. Mkono umeuweza, hasa vifundo vya vidole. Mama pia anafanana na mama. Sasa nikuambie kwa nini watu wanapita: umewapa kibao cha kusoma. Wamekisoma, wamekielewa, wamekubaliana nacho. Wasimame kungoja nini tena?

Dunia inayolia hakuna aliyewahi kuiona, hata wewe. Lakini katika ukurasa wa pili wa barua yako, mahali ulipokuwa unasimulia tu jambo jingine, umeandika kwamba wiki moja baada ya ule mti kuangushwa kisiki chake kilikuwa bado kinatoa utomvu, na nyuki walikuwa wamekijaa. Niliposoma hapo niliweka chai chini. Mbona hicho hukukichora?

Utomvu ndio hasa kazi ya rangi za mafuta. Penseli haiuwezi, na rangi nzito zisizopitisha mwanga zinaufanya ufanane na gundi iliyomwagika. Chora kwanza uso wa kisiki kwa rangi nyepesi, karibu na nyeupe, iliyozimuliwa ikawa na mafuta machache. Uache ukauke sawasawa. Halafu chukua rangi inayopitisha mwanga, kwa mfano siena iliyochomwa, ile ya kahawia yenye wekundu, uilegeze kwa mafuta ya mbegu za kitani na uipitishe juu kama utando mwembamba. Mwanga utapenya utando huo, utagonga ile nyeupe ya chini, kisha utarudi kwenye jicho la mtazamaji ukiwa umepata joto. Rudia mara mbili au tatu, kila tabaka lizidi kidogo mafuta ya lile la chini yake. Ukifanya kinyume, tabaka la juu litawahi kukauka huku la chini bado linacheza, na picha itapasuka. Nyuki waje mwisho kabisa, vidoto vinene vya brashi ndogo, wala usiwahesabu miguu.

Na uende na daftari. Kati ya 1821 na 1822 Mwingereza John Constable alikuwa akitoka nje kuchora mawingu, mara nyingi mawingu peke yake bila hata mti wa kuyashikilia. Alitumia rangi za mafuta juu ya karatasi, na nyuma ya michoro mingi aliandika tarehe, saa na upepo ulivyokuwa. Ukiisoma nyuma unajua mtu huyu alisimama pale. Fanya hivyo kwa kisiki chako: siku, saa, jua lilikuwa upande gani, utomvu umefika wapi. Rudi baada ya wiki, urudi tena baada ya mwezi. Pengine utapata picha sita badala ya moja, na kisiki kikichipua hiyo nayo ni habari.

Najua utaniuliza ujumbe umeenda wapi. Ngoja nikupe kisa ambacho wachoraji wenzangu hupenda kukisimulia vibaya. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na msafara wa upimaji wa Ferdinand Hayden kwenda Yellowstone, Marekani. Kule alichora kwa rangi za maji: chemchemi za moto, miamba ya manjano, korongo. Mpiga picha William Henry Jackson alikuwa naye. Watu husema picha kubwa ya mafuta ya Moran ndiyo iliyozaa hifadhi ya taifa. Sivyo. Sheria ilisainiwa tarehe 1 Machi 1872, na ile picha, yenye upana wa zaidi ya mita 3 na nusu, ilikamilika baada ya hapo, Bunge likainunua kwa dola 10,000. Walichokuwa wameona wabunge kabla ya kupiga kura ni vile vichoro vidogo vya safarini pamoja na picha za kamera. Hakuna hata kimoja kilicholia. Vilionyesha mahali palivyo, basi.

Jambo jingine, na hapa utanivumilia maana ni kidonda changu mwenyewe. Uharibifu mara nyingi hupendeza machoni. Mafuta ya gari yakielea juu ya dimbwi hutoa rangi ambazo sijawahi kuzifikia kwa brashi. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda London mara tatu, kuanzia 1899 hadi 1901, akachora madaraja na jengo la Bunge vikiwa vimemezwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Moshi ule ulikuwa ukiwakohoza watu, naye alikuwa akiufuata kwa furaha, anabadilisha turubai kila mwanga unapobadilika. Je, alikosea? Mimi nimeamua kwamba hakukosea, ingawa nimelibishania jambo hili hadi nikapoteza rafiki. Ukilichora dimbwi baya likiwa baya tu, umesema uongo, na mtazamaji atanusa. Lichore lilivyong'aa, na pembeni uweke kile ulichokiona pembeni.

Mama anayelia usimtupe. Mgeuze ukutani kwa miezi mitatu. Hamu ya kupaka picha nyingine juu yake ikikujia, tafadhali usimsugue kwa msasa akiwa mkavu. Vumbi la rangi si la kuvuta puani, sembuse kama ndani yake kuna madini yenye sumu ya risasi au kadimi.

SWALI: Mwalimu, nasafiri kwa ndege wiki tatu na nataka kuchora nje kila siku. Rangi zangu hazikauki haraka. Picha mbichi nitazirudishaje? – *Msafiri*

JIBU: Safari yangu ya kwanza nilirudi na picha nne zilizoshikana uso kwa uso kama mkate. Nilipozitenganisha, mlima ulikuwa umehamia baharini. Kwa hiyo jibu hili nimelilipia.

Acha turubai kubwa nyumbani. Beba vibao vidogo vya ukubwa mmoja na sanduku lenye mifereji ndani, kila kibao kikae kwenye mfereji wake bila kugusana na mwenzake. Huna sanduku? Weka vipande vya kizibo kwenye pembe nne, tazamisha vibao viwili, funga kwa kamba. Karatasi nzito nayo inafaa: mchoraji Mfaransa Corot alichora daraja la Narni, Italia, mwaka 1826 kwa mafuta juu ya karatasi. Ila ipake kwanza praima, yaani rangi ya msingi ya kuiziba, la sivyo mafuta yataila.

Ujue pia kwamba rangi za mafuta hazikauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Zinakauka kwa kunyonya oksijeni, kwa hiyo kuzifungia ndani ya mfuko ni kuzicheleweshea. Amba, ile rangi ya udongo ya kahawia, huwahi kwa sababu ina madini ya manganizi. Nyeupe ya titani na rangi za kadimi hujivuta. Wiki ya mwisho chora kwa tabaka nyembamba, au ongeza kimiminika cha alkidi ambacho hukausha ndani ya siku moja hivi.

Tapentaini, kile kiyeyushi cha kuzimulia rangi na kuoshea brashi, haipandi ndege, si mkononi si kwenye sanduku. Usijaribu. Tyubu za rangi ziweke kwenye mzigo wa chini pamoja na karatasi ya usalama ya mtengenezaji, inayoonyesha kwamba ndani ni mafuta ya mimea. Ukifika, safisha brashi kwa mafuta hayo hayo na sabuni.

SWALI: Unatuhubiria mazingira kila toleo. Hiyo tapentaini yako mwenyewe unaimwaga wapi? – *Mwenye Pua Kali*

JIBU: Umenishika. Kwa miaka mingi niliimwaga kwenye sinki, nikafungulia maji mengi, nikarudi kuchora mto safi.

Sasa nina makopo mawili ya kioo yenye vifuniko. La kwanza naoshea brashi, baada ya kuzifuta kwanza kwa tambara, maana rangi nyingi inatoka hapo. Likichafuka nalifunga na kuliacha. Baada ya siku kadhaa tope la rangi linatua chini, nami namimina kimiminika safi cha juu kwenye kopo la pili na kukitumia tena. Tope silimwagi popote. Linakusanywa na kupelekwa pale panapopokelewa taka za sumu, pamoja na tyubu zilizoisha. Akriliki, zile rangi za plastiki zinazooshwa kwa maji, usidhani ni mkombozi, kwa kuwa maji ya kuoshea brashi zake hubeba chembe za plastiki.

Matambara yenye mafuta ya kitani ndiyo yanayoninyima usingizi kuliko tapentaini. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Langu liko mlangoni, na kila mgeni huniuliza kama ni supu.