Boti ya jirani imeungua gatini: anza na mvuke wa petroli

Pole sana, ndugu yangu wa Ggaba, Uganda. Umesema boti ya jirani iliungua akijaza mafuta, na sasa unaogopa kulala ndani ya yako. Hofu hiyo ina msingi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo; cheche moja tu ya betri inatosha kuulipua. Tangi la kubebeka lijazie nchi kavu. Kabla ya kuwasha injini, fungua kila mlango upepo upite, kisha inama unuse chini kabisa. Mimi hupiga magoti kila safari.

Mtungi wa poda wa kuzimia moto uweke karibu na mlango, si kando ya injini, usije ukaufuata motoni. Lenga shina la moto. Petroli inayowaka usiimwagie maji, yataisambaza.

Jiko la mkaa usilale nalo, hata likionekana limezimika: hewa yake ya sumu haina harufu.

Nyaya zilizochubuka mwachie fundi umeme. Moto ukikushinda, vaeni maboya, shukeni wote, pigeni 999 au 112.