Maswali ya Wasomaji: Milford au Doubtful?

SWALI: Mwezi Januari nitakuwa Nyuzilandi, na nina siku mbili za kuzuru Fiordland. Je, kati ya ghuba nyembamba za bahari zilizoko huko, niende Milford Sound au Doubtful Sound, na mvua ikinyesha niahirishe? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa siku mbili, lala katika mji wa Te Anau, kisha uende Milford. Barabara yake, yenye urefu wa kilomita zipatazo 120, hupita katika handaki la Homer lililofunguliwa mwaka 1954, na yenyewe ni nusu ya ziara. Jaza mafuta Te Anau kabla ya kuondoka. Doubtful ni kubwa na tulivu zaidi, lakini kuifikia hukupasa kuvuka ziwa Manapouri kwa boti, kupanda basi hadi ng'ambo ya mlima, kisha kuingia boti nyingine, safari ambayo kwa kawaida humaliza siku nzima na fedha nyingi.

Mvua usiiogope. Milford hupata zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, na ni wakati wa mvua ndipo maporomoko mengi ya muda hububujika kutoka kwenye kuta za miamba zilizochongwa na barafu. Maji hayo yasiyo na chumvi, yaliyotiwa rangi ya chai na majani ya msituni, huelea juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga, hivyo matumbawe meusi ya kina kirefu huota karibu na uso wa bahari.

Kinachokera kweli ni usubi: beba dawa ya kujipaka.