Mnahesabu dola, hamhesabu mshahara wangu

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: je, ni haki mtumishi wa serikali aliyepelekwa nje ya nchi alipwe posho kubwa, wakati mwenzake wa daraja lilelile aliyebaki nyumbani hana? Nasema ni haki. Lakini nina kinyongo changu kidogo katika jambo hili, nivumilieni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Mume wangu alipangiwa kituo kwenye ubalozi wetu mmoja huko Ulaya, mji sitautaja. Hakuwa balozi. Alikuwa afisa wa kawaida, wa kuandika barua na kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege usiku wa manane. Habari zilipofika Igoma kwa wakwe, wifi yangu mkubwa alipiga vigelegele, halafu akaniuliza kabla chai haijapoa: "Wifi, dola ngapi kwa mwezi?"

Mtaa mzima uliuliza hivyohivyo. Watu wanajua kuna mshahara wa shilingi unaoendelea kuingia benki huku, na kuna posho ya utumishi wa nje inayolipwa kwa fedha za kigeni huko. Wanajumlisha hivyo viwili. Kutoa hawatoi, na cha kutolewa kilikuwa changu.

Niliomba likizo bila malipo ili nimfuate. Mshahara wangu ukasimama, mchango wangu wa pensheni ukasimama, nako kupanda daraja kukasimama. Mkopo wangu wa benki ndio uliokataa kusimama. Tuliulipa kutoka kwenye hiyohiyo posho inayosemwa. Kaya yetu iliondoka Mwanza ikiwa na mishahara miwili, ikafika Ulaya na mmoja na nusu, ukipenda kuita posho nusu.

Mtaniambia ningetafuta kazi hukohuko. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, unaoongoza mambo ya kibalozi, katika ibara ya 42 unamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi au biashara ya kujipatia faida binafsi katika nchi aliyopelekwa. Mwenza wake naye, mara nyingi, hupata ruhusa pale tu serikali mbili zikiwa zimekubaliana. Zetu zilikuwa hazijakubaliana. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati mwenye miaka kumi na mmoja kazini akawa na darasa la watoto wawili, kwenye meza ya jikoni, ubao ukiwa mlango wa friji.

Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni na daftari. Nyanya nne: naandika bei, nazidisha kwa shilingi. Kwa hela ile, pale Kirumba ningetoka na ndoo. Nikafika kwenye samaki. Palikuwa na minofu ya sangara juu ya barafu, myeupe, imepangwa kama vitambaa, na kibandiko kinasema imetoka Tanzania. Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniangalia vibaya. Sisi huku ziwani tunanunua mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, minofu ikisha kupanda ndege, na mimi nimeifuata minofu nako siwezi kuinunua. Mwezi wa pili nilitupa daftari. Anayeishi kwa kuzidisha hapati kula.

Ndugu wengine husema, "Lakini hamlipi kodi huko." Kweli, ibara ya 34 ya mkataba huohuo inamsamehe mwanadiplomasia kodi nyingi za nchi aliyomo. Ila inaziacha zile ambazo kwa kawaida zimeshaingizwa ndani ya bei ya bidhaa.

Sasa, posho iwe kiasi gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakidhani ni zawadi ya kwenda Ulaya. Umoja wa Mataifa una Tume ya Kimataifa ya Utumishi wa Umma, iliyoundwa mwaka 1974, na kazi yake mojawapo ni hii hesabu. Mshahara wa msingi ni uleule popote, kisha unaongezewa marekebisho ya kituo kwa kulinganisha gharama za maisha na za New York. Mbali na hayo kuna ngazi za ugumu wa kituo: makao makuu na miji inayofanana nayo ni H, halafu A mpaka E, na E ndiyo ngumu kuliko zote. Huo ndio utaratibu ninaoutaka na kwetu. Mtu wa Mwanza akipata kazi Jinja, Uganda, kwenye Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, au Kisumu, Kenya, kwenye Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, anaamka anatazama maji yaleyale na anakula sato yuleyule. Huwezi kumhesabia kama aliye Geneva.

Tena hesabu yenyewe haitulii. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuishikilia faranga isipande dhidi ya yuro, na asubuhi hiyohiyo faranga ikaruka. Mtu wa Geneva anayepokea posho kwa dola aliamka maskini kidogo kuliko alivyolala, na hakuna aliyemkosea.

Nikiri upande wa pili. Wapo wanaopangiwa vituo vya bei nafuu, wanabana matumizi, na wanarudi na nyumba Buswelu. Nawafahamu, wengine ni majirani zangu, na sioni dhambi yao. Jibu la hilo ni kupima kila kituo mara kwa mara.

Aliyenishinda kwa hoja ni mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha Ukara, kisiwa cha huku ziwani. Nilipokuwa nalalamika ofisini kuhusu baridi na bei ya nyanya, akasema, "Dada, mimi nilikuwa napanda kivuko mara mbili ili nifike benki. Herufi yangu ni ipi?" Sikuwa na la kumjibu. Kama ugumu wa kituo unapimwa kwa A mpaka E, Ukara nayo ipewe herufi yake na herufi iwe na pesa. Atakayeniambia tuwapunguzie wa ubalozini ili tulingane na Ukara hatukubaliani, maana mwalimu wa Ukara hatapata hata senti kwa mume wangu kupunguziwa.

Lililotuumiza zaidi lilikuwa kuchelewa. Posho inayolipwa kila baada ya miezi mitatu ikichelewa miwili, ughaibuni huna duka la Mangi la kukopa unga. Mwaka wetu wa tatu tuliishi kwa kuazimana na wenzake mume wangu, leo sisi, kesho wao, na dagaa wa soko la Mwaloni nilioletewa kwenye begi la mgeni mmoja. Nilizikaanga madirisha yakiwa wazi, theluji inaingia, jirani wa juu anagonga sakafu kwa harufu.

Malimbikizo yale yalilipwa. Yalitukuta tumesharudi Mwanza miezi saba, mimi niko kwenye daraja lilelile nililoliacha, niliowapokea kazini wamenipita. Hela ilitosha bati za nyumba ya wakwe. Wifi alisimama chini ya paa jipya, mkono kiunoni, akitazama juu.

"Si nilisema," akaniambia, "kwamba mna dola."